Mwanafunzi wangu Mkorea anaijua maana ya "ubiquitous", mbona hawezi kulitumia?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo Arusha, nafundisha watu wazima Kiingereza kwa intaneti. Nina mwanafunzi wa Korea Kusini, kijana wa ofisini huko Seoul, anajiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza. Ana bidii ya ajabu. Kila usiku anakariri maneno 50 ya daftari lake, wakati mwingine hadi saa nane, na nikimuuliza maana hakosei. Tatizo ni kuyatumia. Sasa tumekwama kwenye kivumishi kimoja, 'ubiquitous'. Nimemweleza kuwa ni kitu kilichopo kila mahali, anaitikia vizuri, halafu ananiandikia 'Ubiquitous is very important in our life'. Nikisahihisha, inakuja 'Coffee shops ubiquitous exist in Seoul'. Jana kaandika 'My smartphone is very ubiquitous'. Hata kulitamka, analitamka kwa silabi tano. Je, kichwa chake ni kizito au mimi ndiye nisiyejua kufundisha? Nimpe njia gani ya kukariri? Au tuachane na hilo neno?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hilo linalokunyima raha: kijana hana kichwa kizito, na wewe hujashindwa kazi. Mtu anayekariri maneno 50 usiku, kesho yake akaulizwa asikosee, kumbukumbu anayo ya kuwagawia wengine. Unaniomba njia ya kukariri kwa ajili ya mtu ambaye kukariri ndicho anachokiweza kuliko vyote. Ninavyoona mimi, shida imekaa kwingine. "Ubiquitous" si neno geni kwake hata kidogo. Alikuwa nalo tangu shuleni, kabla hajakufahamu, ila alikuwa nalo kama neno la Kikorea. Na hilo la Kikorea ndilo linaloziandika nyingi ya sentensi unazozisahihisha kila siku.

Wakorea hulitamka "yubikwoteoseu". Inafaa uijue historia yake, maana makosa mawili kati ya yale matatu yanaanzia humo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mark Weiser, mtaalamu wa kompyuta katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, alianza kuzungumzia "ubiquitous computing": wakati ambapo kompyuta zitaacha kuwa mashine za mezani, zizame ndani ya kuta, taa, milango na vyombo vya kila siku hata watu wasizitambue tena. Makala yake ya mwaka 1991 iliieneza dhana hiyo mbali. Katika miaka ya 2000 Korea Kusini iliipokea kwa mikono miwili. Serikali na makampuni wakaichukua, ila njiani "computing" ikadondoka, likabaki "ubiquitous" peke yake, nalo likageuka kuwa jina la teknolojia yenyewe. Mji mpya wa Songdo, uliojengwa Incheon juu ya ardhi iliyopatikana kwa kujaza bahari, ulinadiwa kuwa "u-City", na hiyo "u" ndiyo hii tunayoizungumzia. Mwaka 2008 ilipitishwa hadi sheria ya ujenzi wa miji ya "yubikwoteoseu". Mwaka 2017 sheria hiyo ikabadilishwa jina, "smart" ikachukua nafasi, na mtindo ukapita. Lakini waliokuwa watoto wa shule wakati ule ndio vijana wa ofisini leo.

Ukilijua hilo, soma upya sentensi ya kwanza. "Ubiquitous is very important in our life." Kwa Kiingereza haina kichwa wala miguu, kivumishi kimekalishwa kwenye kiti cha nomino. Kichwani mwake ni sentensi safi: teknolojia ya kuunganishwa kila mahali ni muhimu sana maishani mwetu. Na "My smartphone is very ubiquitous"? Anakwambia simu yake ni ya kisasa, inaunganishwa na kila kitu. Hajakosea maana ya neno analolijua. Amekosea kudhani kwamba neno analolijua ndilo hili unalomfundisha.

Hili si la "ubiquitous" tu. Ukiendelea kufundisha Wakorea utakutana na "keonning", linalotokana na kivumishi cha Kiingereza "cunning". Kwao ni nomino, na maana yake ni kuibia kwenye mtihani. Utakutana na "seobiseu", kutoka "service", ambalo mara nyingi lina maana ya kitu unachoongezewa bure dukani au mgahawani. Wala tusiwacheke. Mtu wa kwetu akimwambia Mwingereza amekula maharage na chapati kwenye "hotel", Mwingereza anawaza jengo lenye vyumba na funguo, wakati sisi tunawaza benchi na sufuria. Neno likishahama nyumba halirudi na maana ileile, na mwenye nyumba mpya hana habari kuwa limebadilika.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwambia kijana wazi kwamba haya ni maneno mawili. Usilizunguke la Kikorea ukitumaini litafifia lenyewe. Mwambie akueleze "yubikwoteoseu" ni nini, mwache aeleze hadi amalize, kisha umuulize: viti vya plastiki je? Vile vyeupe vilivyojaa kwenye misiba, harusi na vibanda vya chai duniani kote. Vinaweza kuitwa "yubikwoteoseu"? Atasema hapana, havina intaneti. Ndipo umwambie kwamba kwa Kiingereza "the ubiquitous plastic chair" ni maneno ya kawaida kabisa. Mfano usio na teknolojia hata chembe ndio unaoyatenganisha maneno haya mawili haraka kuliko maelezo yoyote, na nakushauri kwa muda umpige marufuku kutumia simu, kompyuta au intaneti kama mfano. Aandike kuhusu majengo ya ghorofa yanayofanana, maduka madogo yanayokesha ambayo kwao huitwa "pyeonuijeom", pikipiki za kupeleka chakula majumbani.

Sasa sentensi ya pili, "Coffee shops ubiquitous exist in Seoul". Hii haitokani na neno mkopo. Hii ni sarufi ya Kikorea ikifanya kazi yake kwa uaminifu, na hapa wewe kama Mswahili una faida ambayo mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza hana.

Vivumishi vya Kikorea vina tabia ya vitenzi. Hunyambuliwa, hubeba wakati, na husimama kama kiarifu bila kuhitaji kitenzi kingine. "Yeppeuda" haina maana ya "-zuri" peke yake, imebeba "ni -zuri" yote kwa pamoja. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa Kikorea mwanzoni hudondosha "is" na "are": kwao hicho kitenzi kiko ndani ya kivumishi tayari, kukiongeza ni kama kukisema mara mbili. Sasa fungua kamusi yake ya Kiingereza na Kikorea. Tafsiri ya "ubiquitous" utakayoikuta ni "eodiena inneun". "Eodiena" ni popote, kila mahali. "Inneun" inatokana na kitenzi "itda", kuwepo, nayo inafanya kazi ileile ya "iliyopo" au "yaliyopo" yetu. Yaani kamusi imempa kishazi chenye kitenzi cha kuwepo, yeye akakariri kwamba hilo ndilo neno. Akiandika "ubiquitous exist" anajaribu tu kukitoa nje kile kitenzi ambacho tafsiri imemwambia kimo ndani. Siku nyingine atakidondosha kabisa, aandike "Coffee shops ubiquitous in Seoul", kwa sababu hiyohiyo.

Sasa jiulize, Kiswahili tunasemaje? "Maduka ya kahawa yamejaa Seoul nzima." "Yapo kila kona." "Yametapakaa." Kila mara tunashika kitenzi. Vivumishi vyetu vya asili ni vichache, na kazi kubwa ya kusifu tunaifanya kwa vishazi vya "-lio-" na kwa "-a" na "-enye". Wewe mwenyewe ulimfafanulia kwa "kilichopo kila mahali", na ukitafsiri hivyo hivyo kwenda Kiingereza, umempa kitenzi kilekile alichopewa na kamusi. Mwonyeshe kwamba lugha yako na yake hapa ni ndugu, na Kiingereza ndicho kinachokwenda njia ya pekee: kinachukua wazo lote la kuwepo kila mahali, kinalifungia ndani ya neno moja lisilo na kitenzi, halafu kinadai "are" mbele yake. "Coffee shops are ubiquitous in Seoul." Mtu mzima akielezwa sababu ya kosa lake huacha kujiona mjinga, na kosa lenyewe anaanza kulikamata kabla hujalisema.

Kuna mtego mwingine wa kamusi ambao walimu wachache wanaujua. Kamusi nyingi za Kikorea, baada ya "eodiena inneun", huongeza tafsiri ya kisomi: "pyeonjaehaneun". Kikorea kina maneno mengi yenye asili ya Kichina, na leo huandikwa kwa hangul, yaani herufi za Kikorea, bila kuonyesha alama za Kichina zilizo nyuma yake. Sasa "pyeonjae" ziko mbili. Moja ina maana ya kuenea kila mahali. Nyingine ina maana ya kurundikana upande mmoja. Zinaandikwa sawa, zinatamkwa sawa, na maana zake zinapigana. Kwenye magazeti mara nyingi utaiona hii ya pili, kwa mfano utajiri au hospitali kurundikana eneo moja la nchi. Mwanafunzi aliyekariri tafsiri hiyo bila kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili anaweza kubeba maana iliyo kinyume kabisa. Muulize wako daftari lake linasemaje. Likisema "pyeonjaehaneun", mwambie alifute abaki na "eodiena inneun".

Nimesema mengi kuhusu Kikorea. Lakini hata ukishang'oa hayo yote, bado hujamaliza, kwa sababu neno la ngazi hii linajulikana kwa majirani zake, yaani maneno linayoandamana nayo. Paul Nation, ambaye ameandika sana kuhusu kujifunza msamiati, hugawa kulijua neno katika sehemu tatu: umbo, maana na matumizi. Kijana wako ana umbo la kuandika na ana maana. Matumizi hana, na daftari lenye neno kushoto na tafsiri kulia haliwezi kumpa hata akilisoma miaka kumi.

Majirani wa "ubiquitous" si wengi, na ndiyo raha yake. Kwanza, linasifu aina ya vitu, mara chache kitu kimoja cha mtu mmoja. "Smartphones are ubiquitous" ni sawa, kwa sababu tunazungumzia simu kwa jumla. "My smartphone is ubiquitous" inatuambia kwamba hiyo simu yako moja iko Seoul, Busan na Arusha kwa wakati mmoja. Unaweza kumsema hivyo bosi wako kwa utani, siku ambayo kila mlango unaofungua unamkuta yeye, lakini lazima msikilizaji aujue utani. Pili, halipendi "very". Kitu kikiwa kila mahali kimekuwa, hakuna kuwa kila mahali sana. Kinachokubalika ni maneno ya kukaribia au ya kuelekea: "almost ubiquitous", "virtually ubiquitous", "increasingly ubiquitous", au "so ubiquitous that" ukitaka kuleta matokeo. Tatu, linapenda kitenzi "become": "has become ubiquitous". Nne, halitaki "everywhere" karibu yake, maana tayari limelimeza. Linataka eneo, "in Korean cities", "across the country".

La tano ndilo gumu kulieleza, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Likikaa kabla ya nomino na "the" mbele yake, "the ubiquitous plastic chair", "the ubiquitous selfie", mara nyingi huwa lina tabasamu la uchovu ndani yake. Msemaji anakwambia: unavijua, nami navijua, tumeviona hadi tumechoka. Ndiyo maana "the ubiquitous love of God" inasikika vibaya sikioni. Kwa Mungu, Kiingereza kina "omnipresent", na Mkorea aliyelelewa kanisani atakuelewa mara moja ukimtajia "musobujae", neno la kwao la sifa hiyo ya Mungu. Cha kuchekesha ni kwamba "ubiquity" lenyewe lilianzia kwenye dini. Katika karne ya 16 wanateolojia wa Kilutheri walilitumia kwenye mabishano kuhusu mwili wa Kristo kuwepo kila mahali, na kivumishi kikaja baadaye sana. Safari ya kutoka madhabahuni hadi kwenye kiti cha plastiki si fupi.

Hilo "ubiquity" usilipite. Kijana wako anapenda sana kuanza sentensi na nomino, ndiyo maana anakilazimisha kivumishi. Basi mpe nomino anayoitafuta. "The ubiquity of smartphones has changed the way people shop." Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa akiitaka siku zote, na insha za IELTS zinaipokea vizuri. Kielezi "ubiquitously" mwambie akisahau, ni nadra na mara nyingi husikika kama kimelazimishwa.

Matamshi nitayapitia haraka. Silabi tano zinatokana na Kikorea kutoruhusu sauti ya "s" kufunga silabi, kwa hiyo irabu "eu" huongezwa mwishoni, kama sisi tulivyoifanya "bus" kuwa basi. Halafu Kikorea cha Seoul hakina mkazo wa neno kama wa Kiingereza, kila silabi inapewa haki sawa. Kwa Kiingereza silabi ni nne na mkazo uko kwenye ya pili: yu-BI-kwi-tas, ile ya mwisho ikifungwa kwa "s" bila irabu. Apige meza kidole kwenye "BI". Nawe chunga ulimi wako, maana mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho yatakuvuta useme yu-bi-KWI-tas, naye atakuiga.

Sasa kuhusu kukariri, kwa kuwa ndicho ulichoniuliza. Kwanza uelewe alikotoka. Mtihani wa kuingia chuo kikuu huko kwao, "suneung", hufanyika Novemba, na ni jambo zito kiasi kwamba ndege haziruhusiwi kutua wala kuruka wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Karatasi ya Kiingereza ina maswali 45 kwa dakika 70. 17 ni ya kusikiliza, yaliyobaki ni ya kusoma. Yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna insha, hakuna kuzungumza. Mtu aliyelelewa na mtihani huo, pamoja na shule za jioni ziitwazo "hagwon" zinazopima maneno kwa orodha, amefundishwa kulitambua neno akiliona. Kulitoa mwenyewe kwenye ukurasa mtupu hajawahi kudaiwa.

Na hivyo viwili havibadilishani. Kuna jaribio maarufu la mwaka 2008 la Jeffrey Karpicke na Henry Roediger huko Marekani, nalo litakufurahisha kwa sababu wanafunzi walijifunza jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, kama "mashua" na "boat". Waliolijibu neno sawasawa mara moja kisha wakaendelea kulisoma bila kuulizwa tena, baada ya wiki walikumbuka takriban theluthi moja. Walioendelea kuulizwa, hata kama hawakulisoma tena, walikumbuka takriban asilimia 80. Na makundi yote yalikuwa yametabiri kwamba yangekumbuka karibu nusu, yaani wenyewe hawakuona tofauti iliyokuwa ikijengeka vichwani mwao. Kuulizwa ndiko kunakojenga. Ila angalia pia waliulizwa nini: waliona Kiswahili, wakatoa Kiingereza chao. Mwanafunzi wako anahitaji njia ngumu zaidi, aanze na wazo lililo kichwani mwake afike kwenye neno la kigeni likiwa na majirani zake.

Kwa hiyo kadi za maneno asizitupe, abadilishe kilichoandikwa juu yake. Upande wa mbele usiwe na "ubiquitous", uwe na hali: maduka ya kahawa, kila kona ya mtaa wake, mwaka huu yamezidi. Upande wa nyuma sentensi nzima. Aitoe kwa sauti kabla hajageuza kadi. Kesho yake, kisha baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kila mara kwa hali mpya. Maneno 50 kwa usiku hayatawezekana kwa namna hii, na ndivyo inavyotakiwa. Matano au sita yanatosha kabisa.

Njia nyingine atakutajia mwenyewe, maana vitabu vya maneno vya Korea vimejaa nazo. Ya asili ya neno, "eowon", inafaa sana kwa maneno yenye ukoo mkubwa, lakini "ubique" ya Kilatini, yenye maana ya kila mahali, haina ukoo wa maana katika Kiingereza zaidi ya hili neno na "ubiquity". Atajifunza mzizi mmoja afaidi neno moja. Ya kuunganisha sauti ya neno na picha inasaidia kweli kukumbuka maana, lakini maana hajaipoteza.

Uliuliza kama mwachane na neno. Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba lisingekuwa la kwanza kwenye orodha yangu. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa mwaka 2000 orodha ya koo 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma. "Widespread" imo. "Ubiquitous" haimo. Kama kijana hawezi bado kutumia "widespread" bila kukosea, hilo ndilo la kuanza nalo, tena linafaa mahali ambapo "ubiquitous" halifai: ugonjwa, wasiwasi, malalamiko, rushwa. Katika insha ya IELTS msamiati ni robo ya alama, na wasahihishaji hutafuta maneno yasiyo ya kawaida yaliyotumiwa kwa kujua mtindo na majirani wa neno. Neno kubwa lililokaa vibaya halimwongezei kitu. Lakini kwa kuwa mmeshalihangaikia, na yeye tayari ana nusu yake, ningelimaliza. Kipindi kijacho mpe kazi moja tu: aya fupi kuhusu kitu kilichojaa mtaani kwake ambacho hakitumii umeme, iwe na "has become ubiquitous" mara moja na "the ubiquity of" mara moja. Usimsahihishe akiwa anaandika.

Mwisho kuna mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi kuyatatua kwa mbali. Kama baada ya mazoezi ya namna hii bado anadondosha "is" na "are" kila mahali, si kwenye neno hili tu, atafute hapo Seoul mwalimu anayejua Kikorea na Kiingereza, amweleze sarufi kwa lugha yake ana kwa ana kwa vipindi vichache. Kuna mambo hayaelezeki kwa Kiingereza kwa mtu anayejifunza Kiingereza. Kama tarehe ya mtihani iko karibu, insha zake mbili tatu zisomwe na mtu aliyezoea kusahihisha kwa vigezo vya IELTS. Na hilo la saa nane usiku limenikaa rohoni. Korea kuna msemo wa wanafunzi, "sadang orak": ukilala kwa muda wa saa nne tu utafaulu, ukilala kwa saa tano utaanguka. Kwa kujifunza lugha ni ushauri mbaya, kwa sababu ubongo huyapanga yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala. Muulize kwa upole analala saa ngapi kwa siku. Akikwambia ni nne, na kwamba siku hizi anasahau hata mambo ya kazini, au kifua kinambana akifikiria mtihani, mwambie kama dada yake kwamba hapo kadi za maneno ziwekwe kando kwanza, aende akamwone daktari.